Jina Ni Kiti: Kumtafuta Mhenga wa Ufuo wa Mweru (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye picha. Ukoo umehifadhi picha kuukuu, nyuma yake kuna jina limeandikwa kwa wino, Kazembe au Nsama, na wajukuu wanataka kujua kama huyo ndiye yule wa masimulizi ya karne ya 19. Jibu langu litawaudhi wengine: kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuanzia Chienge hadi Nchelenge na kuingia bonde la Luapula, jina la nyuma ya picha ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Anayeanzia hapo ana hatari ya kumlilia mhenga wa watu wengine.

Huku jina ni kiti, na kiti hakikai kitupu. Mtu akifa, mrithi wake, ambaye Wabemba humwita impyani, haachiwi mali tu. Hukalia nafasi ya marehemu, huitwa kwa jina lake, na waliokuwa wakimwita marehemu mjomba huendelea kumwita mrithi mjomba, hata akiwa kijana kuliko wao. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi bondeni Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza jinsi mrithi anavyosimulia mambo ya miaka mia iliyopita kwa kusema "mimi": mimi nilivuka mto, mimi nilipigana. Ndiyo maana hata kitabu cha historia kilichoandikwa kwa Kibemba kwa jina la mtawala wa Walunda, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, na kuchapishwa mwaka 1951, kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani wahenga wangu na watu wangu. Sasa tazama orodha ya watawala walioitwa Kazembe. Kazembe aliyechorwa katika kitabu cha Mreno Gamitto, aliyefika mwaka 1831, ni wa nne, Keleka. Kazembe aliyempokea Livingstone Novemba 1867 ni wa saba, Muonga Sunkutu. Kazembe aliyeshambuliwa na Waingereza mwaka 1899 ni wa kumi, Kanyembo Ntemena. Hata hilo jina Kanyembo halikumaanisha mtu mmoja: Kazembe wa pili naye alikuwa Kanyembo, na hadi leo kuna chifu Kanyembo wilayani Nchelenge.

Wapo watakaosema kwamba picha haidanganyi, kwamba uso ni uso, na kwamba afadhali karatasi kuliko mzee anayesema "mimi" juu ya vita ambavyo hakuviona. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau jinsi picha zilivyokuwa zikipigwa. Hadi miaka ya 1870 mpiga picha alilazimika kupaka dawa kwenye kioo, kupiga na kusafisha picha kabla kioo hakijakauka, kazi ngumu mno kwa msafiri wa miguu katika matope ya Luapula. Vioo vikavu ndivyo vilivyorahisisha mambo, na hata hivyo kamera zilifika Mweru na wamisionari na maofisa wa boma, karne ikielekea ukingoni. Kwa hiyo picha inayodaiwa kupigwa ziwani mwaka 1867 ni ya kutiliwa shaka kabla hata hujaigeuza. Chuma na Susi, wafuasi wa Livingstone, walipita Mweru mwaka huo pamoja naye, lakini picha zao zinazojulikana zilipigwa Uingereza mwaka 1874. Tippu Tip alimshinda chifu Nsama wa Itabwa mwaka uleule akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Sura yake tuliyoizoea ni ya mzee wa Unguja mwenye mvi. Uso ni wake kweli, lakini si uso walioukimbia watu wa Nsama. Na Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekaa miaka mingi kwa Kazembe, anatujia kwa maneno tu ya Livingstone, mwenye ndevu nyeupe na tabasamu.

Msomaji wa pwani au wa Tabora ana mtego wake. Tumezoea nasaba ya "bin" na "binti", baba juu ya baba, na tunapotafuta jamaa waliobaki Mweru katika safari za misafara tunauliza: baba yake nani? Wenyeji wengi wa ufuo huhesabu ukoo kwa mama, na kiti humwendea mdogo wa marehemu, mpwa wake au mjukuu wa dada yake. Ukoo wa kifalme wa Walunda ndio unaofuata baba. Basi swali lenye faida ni: jina hili ulipewa baada ya nani, naye baada ya nani? Wakishapatikana warithi watatu au wanne, wapachikwe kwenye matukio yenye mwaka: vita vya Nsama 1867, kuuawa kwa Msiri, mtawala wa Katanga, Desemba 1891, shambulio la 1899, kisha kuhamishwa kwa watu ufuoni kwa sababu ya malale karibu mwaka 1910. Hapo ndipo picha iletwe mezani, iulizwe inamfaa nani kati yao.

Itasemwa pia kwamba njia hii ni ya machifu, na mvuvi wa kawaida hana orodha. Si kweli kabisa, kwa kuwa wavuvi na wakulima nao hurithiana majina. Lakini ni kweli kwamba kitabu cha mwaka 1951 kinasema kwa sauti ya ikulu ya Walunda. Washila wa chifu Nkuba walikuwa wakivua ziwani kabla Walunda hawajafika, na familia ya Kishila ikikisoma kitabu hicho inasoma habari za aliyeshinda.

Na ukikuta hati inayosema mhenga wako "alitoka Kilwa", usikimbilie kukata tiketi ya kwenda Kilwa Kivinje. Kuna kisiwa cha Kilwa ndani ya Ziwa Mweru, na kuna mji wa Kilwa ng'ambo, upande wa Kongo. Angalia kwanza mwandishi wa hati alikuwa amesimama wapi. Wiki ijayo tutafungua daftari za misheni ya Mbereshi.