Gari Kuukuu Likikosa Nguvu Mlimani

Jirani yangu hapa Kinangop ana Land Rover ya zamani ya petroli, yenye injini ya sentimita 2,286 za ujazo. Kila asubuhi hupeleka maziwa ya nyumba saba kwenye kituo cha chama cha ushirika. Mwaka jana gari hilo lilianza kuchoka. Likitoka nyumbani lilikwenda vizuri, lakini baada ya kilomita sita hivi, likianza kupanda kilima, lilikohoa, likapungua nguvu, likazimika. Akilipumzisha robo saa, liliwaka kana kwamba halina kosa. Siku mbili maziwa yalifika yamechachuka, yakakataliwa. Fundi mmoja akafungua kichwa cha injini, akatia gasketi mpya, akalipwa. Ugonjwa ukabaki pale pale.

Kosa lilikuwa kwenye mdomo wa tangi. Kizibo chenyewe kilipotea zamani, na mwenye gari alikuwa ameufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Petroli ikipungua tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu huvuta mpaka ikashindwa, na kabureta ikakauka. Gari likisimama, hewa hupenya kidogo kidogo, ndipo liwake tena. Tulipoufungua mpira ule njiani tulisikia hewa ikiingia kwa mluzi! Kizibo chenye tundu kilinunuliwa siku hiyo hiyo.

Basi, ndugu mkulima, kabla hujakubali injini yako ifunguliwe, tazama mambo machache wewe mwenyewe.

Je, ni injini kweli? Ikiwa injini yanguruma kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo, klachi imekwisha. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na moto kupita mengine, breki yake inakamata. Tena kumbuka kwamba sisi tunakaa juu. Injini hizi hupoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hapa, kwenye mita 2,500 hivi, utapata kama robo tatu tu ya nguvu za Mombasa. Huo si ugonjwa, na fundi akikuahidi kuuponya, shika mfuko wako.

Ikiwa moshi ni mweusi na plagi zina masizi, petroli imezidi hewa. Angalia kama choki imerudi mahali pake, kisha fungua kichujio cha hewa. Vumbi letu hugeuza mafuta yake kuwa tope. Ikiwa plagi ni nyeupe na injini yapiga chafya kwenye kabureta, petroli haitoshi. Fungua bakuli la kioo la pampu, umwage maji na uchafu, uoshe wavu wake. Fanya kazi hiyo nje, injini ikiwa imepoa, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Moto nao upimwe. Nafasi ya pointi iwe milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi 0.75 hadi 0.80. Pointi zikilika nafasi hupungua, cheche huchelewa, na nguvu hupotea polepole hata dereva asitambue.

Mwisho zima suichi, weka gia huru, uzungushe injini kwa hendeli polepole. Kila silinda yapasa kukataa kwa nguvu sawa. Moja ikikubali kwa urahisi, tia kijiko cha mafuta ya injini katika tundu la plagi yake, rudisha plagi, uzungushe tena. Ikikataa sasa, ringi zimekwisha. Isipokataa, shaka iko kwenye vali. Tangu mwaka 2006 petroli ya Kenya haina risasi, ambayo ilikuwa ikilinda vali za injini nyingi kuukuu. Mwambie fundi apime kwanza nafasi za vali, milimita 0.25 kwa injini hii, ndipo mzungumze habari ya kufungua kichwa.