Anacheza Old Korogwe kila jioni, lakini kwenye daftari la soka hayupo

Jua likianza kupoa, kila kiwanja kilicho wazi Old Korogwe kinapata wenyewe. Mawe mawili hapa, mawili kule, goli tayari. Wa peku na wa njumu wanachanganyika, wa miaka 13 anamkaba wa miaka 25, na bodaboda zimepangwa pembeni kama jukwaa kuu.

Kila mtaa una dogo wake anayetajwa. Yule akigusa mpira, hata mama wa vitumbua anasimama kuangalia.

Sasa swali. Dogo huyo akifika Simba au Yanga miaka 6 ijayo, kisha akauzwa nje ya nchi, timu iliyomlea itapata nini? Kwa kanuni za FIFA, inaweza kupata hela, tena nzuri tu. Kwa hali ilivyo kwa timu nyingi za mtaani, itapata picha ya kumbukumbu ya kubandika kwenye kibanda cha kahawa.

Kinachotenganisha hela na picha ni karatasi. Na karatasi hizo zinaanzia kwa watu ambao mashabiki wengi hawajui hata kazi yao: chama cha soka cha wilaya na chama cha soka cha mkoa.

Nani yuko juu ya nani

Juu kabisa kuna TFF, ambayo wazee wengine bado wanaiita FAT. Chini yake kuna vyama vya mikoa, na Tanzania Bara ina mikoa 26. Kwa Tanga ni TRFA, Chama cha Soka Mkoa wa Tanga. Chini ya mkoa kuna wilaya: Tanga yenyewe, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Chini ya wilaya ndipo zilipo klabu.

Klabu ya Old Korogwe haiendi TFF moja kwa moja. Ikitaka kucheza ligi, kukata rufaa au kusajili mchezaji, inaanzia wilayani. Wilaya ikilala, klabu nayo imelala, hata kama ina wachezaji wa maana.

Kazi za mkoa kwa lugha nyepesi ni hizi: kuendesha ligi ya mkoa, kupanga waamuzi na wasimamizi wa mechi, kusikiliza malalamiko, kusimamia usajili, kuleta kozi za makocha na waamuzi, na kuhakikisha wilaya zinafanya uchaguzi kwa katiba. Waamuzi wana chama chao, FRAT, na makocha wana TAFCA, vyote vikiwa na matawi mikoani. Hivyo chama cha mkoa kinaendesha soka kwa kushikana mikono na wenzake, na mikono hiyo ikiachana tu, mechi inakosa mwamuzi.

Ngazi ya kupanda

Timu ya mtaa inayotaka kufika Ligi Kuu ina safari ndefu. Inaanza na ligi ya wilaya, ile watu wanayoijua kama daraja la nne. Wanaofanya vizuri wanaenda ligi ya mkoa, daraja la tatu. Bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako mabingwa kutoka nchi nzima wanagawanywa kwenye vituo na kuchujana. Wanaopenya wanaingia First League (zamani daraja la pili), halafu Championship (zamani daraja la kwanza), ndipo Ligi Kuu.

Hesabu mwenyewe: kutoka kiwanja cha mawe manne hadi Ligi Kuu ni kupanda mara 5.

Na ngazi hii inashusha kama inavyopandisha. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu 3 Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, hii ya mwisho ikitokea Handeni. Zote 3 zilishuka msimu mmoja. Mkoa uliotoa bingwa wa nchi mwaka 1988, Coastal Union, ukabaki bila timu hata moja juu. Wagosi wa Kaya walirudi 2018. Wengine hawajarudi.

Msiba kama ule ukitokea, timu mpya ya kuziba pengo haitoki hewani. Inatoka kwenye ligi ya mkoa, na ligi ya mkoa inalishwa na wilaya kama Korogwe na Handeni.

Kimbembe ni nauli

Ligi za chini hazina haki za televisheni. Klabu inalipa ada ya kushiriki, inanunua jezi, inachangia posho za waamuzi, inajisafirisha yenyewe. Mechi ikipangwa Tanga mjini, timu ya Korogwe inatafuta usafiri wa kilomita zipatazo 100 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, ikiwa na wachezaji ambao asubuhi walikuwa shambani au wakiendesha bodaboda. Afadhali mechi ya Handeni, maana barabara ya lami ipo na ni kilomita 65 hivi.

Ndiyo maana mikoa mingi inapenda kuweka timu kwenye kituo kimoja na kumaliza mechi kwa siku chache. Ni nafuu kwa wote. Lakini ina gharama yake: kijana anacheza mechi nyingi ndani ya wiki mbili, halafu anakaa miezi bila mechi ya ushindani. Hiyo ni ligi kwa jina. Kwa mtu wa miaka 17 anayekua kimpira, ni njaa.

Timu isipofika uwanjani, kanuni haina huruma: mwenzake anapewa pointi 3 na mabao 3. Mashabiki wanaziita pointi za mezani. Hali ni hiyo hiyo ukichezesha mamluki, yaani mchezaji asiye kwenye orodha yako, na mpinzani akakata rufaa kwa wakati na kulipa ada ya rufaa. Timu za mtaani hupoteza rufaa nyingi kwa sababu ndogo tu: barua imechelewa, au risiti haipo. Haki inaweza kuwa yako kabisa na bado ukashindwa.

Klabu ni nini hasa?

Wengi wanadhani ukiwa na jezi na jina, una klabu. Kisheria bado. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT) ya mwaka 1967 inataka klabu isajiliwe kwa Msajili wa vyama vya michezo. Njia inaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri: wanachama mnakutana, mnaandika katiba, mnachagua viongozi, mnapeleka muhtasari na fomu, mnalipa ada. Ukimaliza hapo ndipo unaomba uanachama wa chama cha soka cha wilaya.

Zile ni milango miwili tofauti, na hapa wengi wanachanganya. BMT ni serikali na inakupa uhai wa kisheria. Chama cha wilaya ni familia ya TFF na FIFA, na ndicho kinachokuingiza kwenye soka linalohesabika. Ukiwa na cheti cha BMT bila uanachama wa wilaya, wewe ni klabu halali isiyo na ligi ya kucheza.

Sasa hela zenyewe

FIFA ina kitu kinachoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakatwa na kugawiwa klabu zote alizochezea tangu msimu aliofikisha miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuchukue mfano. Dogo wa Old Korogwe amelelewa na klabu yake tangu miaka 12 hadi 17. Misimu 4 ya mwanzo ni asilimia 1. Misimu 2 inayofuata ni asilimia 1 nyingine. Jumla 2. Akija kuuzwa nje kwa dola 100,000, ada ambayo kwa soka la dunia ni ndogo tu, klabu ya Old Korogwe ina haki ya dola 2,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 4. Jezi, mipira na nauli za msimu mzima ziko humo. Na akiuzwa tena nchi nyingine, hesabu inarudi upya.

Zamani klabu ilibidi ifuatilie na kudai, jambo ambalo timu ya mtaa haiwezi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo chake maalumu chenye makao Paris kinachopitisha malipo haya. Kinaangalia pasipoti ya mchezaji, ambayo ni kumbukumbu ya kielektroniki inayoonyesha alisajiliwa wapi, tarehe gani hadi gani.

Pasipoti hiyo haijui stori za kijiweni. Inasoma kilichoingizwa kwenye mfumo na shirikisho la nchi. Kama jina la dogo liliingia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 19 kwenye timu ya Championship, basi kwa macho ya Paris dogo alizaliwa akiwa na miaka 19. Miaka yote ya Old Korogwe ni karatasi nyeupe.

Kanuni inaruhusu kitu kimoja zaidi: klabu iliyomlea ikiwa imekufa, shirikisho la nchi linaweza kudai fungu lake, kwa sharti liende kwenye soka la vijana. Lakini hapo pia lazima ithibitishwe kwamba klabu ilikuwepo.

Tahadhari kwa wenye haraka: dogo akitoka Korogwe kwenda klabu ya Dar es Salaam, fungu hili halipo. Huo ni uhamisho wa ndani ya nchi.

Kombe la mbuzi halihesabiki?

Kwa burudani, linahesabika sana. Ndondo Cup ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014, imeonyesha kwamba mpira wa mchangani unaweza kujaza uwanja. Korogwe na Handeni nazo zina mabonanza yake, kombe la diwani, kombe la mbuzi, na mwaka wa uchaguzi makombe huota kama uyoga. Ukiona kombe la ghafla lenye jezi mpya kwa timu zote, angalia kalenda ya siasa.

Ila mechi hizo hazimsajili mtu. Waandaaji wakiomba kibali wilayani, angalau kunakuwa na mwamuzi anayetambulika na orodha za wachezaji. Bila hivyo, mchezaji akivunjika mguu kesi ni yake na familia yake.

Mashindano ya shule nayo, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, yanaendeshwa na serikali, si TFF. Ndiyo sehemu ambayo watoto wengi hupata mechi za kweli kwa mara ya kwanza, na umri wao unajulikana kwa sababu shule ina kumbukumbu, hivyo vijeba hupata shida kidogo kupenya. Lakini mashindano yakiisha, mtoto anarudi nyumbani bila klabu. Chama cha wilaya kilicho macho kinatuma mtu pale na daftari. Kisicho macho kinasubiri simu.

Mwenye kura ni nani

Klabu wanachama ndizo zinazochagua viongozi wa wilaya. Wilaya zinachagua wa mkoa. Mikoa ina kura kwenye mkutano mkuu wa TFF, ule ambao Agosti 2021 ulifanyika Tanga mjini na kumrudisha Wallace Karia kwenye urais. Kwa hiyo klabu ya Old Korogwe yenye uanachama hai ina uzi mwembamba unaofika hadi juu kabisa. Isiyolipa ada haina kura, hata ikiwa na mashabiki wengi kuliko zote.

Ndipo linapoingia suala la ligi ya vijana. Klabu haioni sababu ya kumsajili mtoto wa miaka 12 kama hana pa kuchezea, na wilaya haianzishi ligi ya vijana kama hakuna klabu inayodai. Wenye kura wakiliweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa wilaya, viongozi watalazimika kulijibu. Wasipoliweka, dogo atatimiza 13, kisha 14, na kila msimu unaopita bila jina lake kuingizwa kwenye mfumo ni asilimia 0.25 ambayo klabu haitaweza kuidai tena.