Kenya: Jinsi ya kuilinda intaneti ya nyumbani umeme unapokatika

Umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lililoukumba Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ndilo lililotawala habari. Lakini kila umeme unapokatika, majumbani huwa kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana: ruta huzimika pamoja na taa. Kwa mhasibu au mfasiri anayefanyia kazi nyumbani, giza la muda wa saa tatu linaweza kumaanisha kazi isiyowasilishwa na malipo yaliyopotea.

Mara nyingi, hata hivyo, mtandao wenyewe huwa haujazimika. Waya wa faiba hupitisha mwanga, si umeme, na katika mfumo unaotumika zaidi kufikisha huduma majumbani, hakuna kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na nyumba ya mteja. Vituo hivyo kwa kawaida vina betri na jenereta. Kinachokosa umeme ni kisanduku kilichoko sebuleni.

Mahitaji ya kisanduku hicho ni madogo. Adapta za ruta nyingi huandikwa volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 kwa kiwango cha juu, sawa na taa moja ya LED. Kwa hiyo hakuna haja ya jenereta.

Njia iliyo rahisi zaidi ni UPS ndogo iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya ruta. Kifaa hicho chenye betri ya lithiamu huwekwa kati ya adapta na ruta, na umeme unapokatika betri hushika zamu bila mawasiliano kukatika.

UPS kubwa ya kompyuta nayo hufaa, ila hupoteza nishati: huugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240, kisha adapta huurudisha kuwa wa volti 12.

Njia ya tatu ni pawa benki ya simu, ikitumiwa na waya maalumu unaopandisha volti 5 hadi 12. Pawa benki ya mAh 20,000 huhifadhi takriban saa-wati 74. Baada ya upotevu wa njiani hubaki kama 60, zinazotosha kuendesha ruta ya wati 10 kwa muda wa saa sita hivi. Kasoro yake ni kwamba nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja.

Kwa wanaotumia sola, betri ya volti 12 inaweza kuilisha ruta, lakini si vyema kuiunganisha moja kwa moja. Betri hiyo inapochajiwa, volti zake zinaweza kupita 14, hivyo kinahitajika kifaa cha kuzidhibiti.

Wabunifu wa Nairobi walilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 2013, kampuni ya BRCK ilitangaza ruta yenye betri ndani yake, iliyokusudiwa kufanya kazi kwa saa nane bila umeme wa gridi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mteja anapaswa kusoma maandishi yaliyo kwenye adapta yake. Volti lazima zilingane na za ruta. Ampea za kifaa kipya zinaweza kuzidi, lakini zisipungue. Alama ya chanya na hasi kwenye plagi nayo ilingane, kwani kosa hapo linaweza kuiunguza ruta. Aidha, baadhi ya nyumba zina visanduku viwili, kimoja cha kupokea faiba na kingine cha kusambaza Wi-Fi. Kukipatia umeme cha pili pekee huacha simu zikionyesha Wi-Fi iliyojaa, huku intaneti haipo.