Redio Iliyovuka Mstari wa Vita

Nchi ya Kongo ni kubwa mno. Eneo lake lapata kilometa za mraba 2,345,000. Kutoka Lubumbashi hata Kinshasa, ndege ikienda moja kwa moja, ni zaidi ya kilometa 1,500. Nayo njia ya nchi kavu ni ndefu kupita hiyo, tena ni ya taabu. Katika nchi ya namna hii uvumi huenda mbio, na habari ya kweli huja nyuma yake ikichechemea. Mtu akaaye Katuba, au katika mtaa wa Kenya, hapo Lubumbashi, aweza kujua mambo ya Ulaya upesi kuliko yale ya ndugu zake walioko Kalemie.

Basi leo twapenda kueleza jinsi redio ilivyopata kuiunganisha nchi hii, na jinsi ilivyopata vilevile kuitia utumwani. Maana chombo ni kile kile. Hutofautiana mkono unaokishika.

Wavu wenye vifundo vingi

Hapo mwanzo redio ilikuwa sauti ya mji mmoja tu. Kila mtambo ulisikika mjini mwake na kandokando yake. Huko Marekani watu walifikiri: Je, haiwezekani kuviunganisha vituo vingi hata viseme kwa pamoja? Tarehe 15 Novemba 1926 kampuni iitwayo NBC ilifungua matangazo yake katika hoteli ya Waldorf-Astoria, mjini New York. Vituo zaidi ya ishirini vilikuwa vimeungwa kwa nyaya za simu. Usiku ule mwimbaji mmoja aliimba akiwa Chicago, na watu wa New York wakamsikia kana kwamba yumo chumbani mwao.

Hiyo ndiyo maana ya mtandao wa redio. Ni kama wavu wa mvuvi: vifundo ni vingi, lakini wavu ni mmoja.

Lakini haikupita miaka mingi watu wakaanza kuogopa. NBC ilikuwa na mitandao miwili, mmoja ukiitwa Mwekundu na wa pili wa Buluu. Mwaka 1941 mamlaka ya Marekani yaliyosimamia redio yalitoa amri kwamba kampuni moja isishike mitandao miwili. Kampuni ilipeleka shauri mahakamani, nayo Mahakama Kuu ya nchi ile ikaithibitisha amri hiyo mwaka 1943. Mtandao wa Buluu ukauzwa kwa Edward Noble, na baadaye ukapewa jina la ABC. Wamarekani walitambua mapema kwamba mwenye kushika nyaya ashika masikio ya watu, na kwamba haifai masikio ya taifa zima kuwa mkononi mwa bwana mmoja.

Sauti ya wenye amri

Katika Kongo mambo yalianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1937 mapadre Wayesuiti wa Collège Albert, huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walianzisha kituo kidogo kilichoitwa Radio Léo. Vita Kuu ya Pili ilipoishika Ubelgiji, serikali ya koloni ilifungua Radio Congo Belge, tarehe 1 Oktoba 1940. Tangu mwaka 1943 Wabelgiji waliokuwa uhamishoni walitumia mtambo wenye nguvu wa Léopoldville kusema na ndugu zao waliokuwa chini ya Wajerumani. Tazama ajabu hiyo: sauti ya uhuru wa Ulaya ilitoka katika Afrika, nao Waafrika wenyewe hawakuwa bado na uhuru.

Mwaka 1949 vilianza vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika. Katika mitaa ya miji vipaza sauti viliwekwa mahali pa wazi, na jioni watu walikusanyika kusikiliza habari na muziki. Lakini walioamua nini kisemwe hawakuwa wale waliosikiliza.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, ilionekana mara moja jinsi redio ilivyokuwa na nguvu kuliko bunduki nyingi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwa redio, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alisema katika redio ya Léopoldville kwamba amemwondoa Lumumba katika kazi ya waziri mkuu. Usiku ule ule Lumumba naye akaenda redioni kumjibu. Siku ya pili askari wa Umoja wa Mataifa wakakifunga kituo, na Lumumba akakosa njia ya kusema na wananchi. Bali rafiki za Kasavubu walikuwa na redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Mwanasiasa yule alikuwa hodari wa maneno kupita wengi, lakini neno lisilosikika halina mguu wa kusafiri.

Mobutu alilijua sana jambo hilo. Alipotwaa madaraka mwezi Novemba 1965 aliitia redio mkononi mwake, na televisheni ya taifa, iliyoanza mwaka 1966, ilifuata njia ile ile. Watu wazima wanakumbuka bado: kila jioni, kabla ya habari, uso wake ulionekana ukitoka mawinguni kama kwamba washuka mbinguni. Kwa miaka mingi Sauti ya Zaire ilikuwa moja tu, wala haikumpinga aliyeilipa. Hapo tena wavu ulikuwa mmoja, lakini samaki wote walikwenda katika kapu moja. Mlango ulianza kufunguliwa baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi.

Nchi iliyokatwa vipande

Mwezi Agosti 1998 vita kubwa ilizuka. Nchi ikakatwa vipande. Serikali ilishika Kinshasa, Lubumbashi na upande wa magharibi. Chama cha RCD kilishika Goma, Bukavu, Kisangani na Kalemie. Jean-Pierre Bemba na jeshi lake walishika sehemu kubwa ya kaskazini. Katanga yenyewe iligawanyika. Reli iliyozoea kuwachukua watu kutoka Lubumbashi hata ziwa Tanganyika haikufika tena mwisho wake.

Fikiri, ndugu msomaji, mama aliyekaa Lubumbashi, na mwanawe aliyeoa Kalemie. Ni watu wa mkoa mmoja na lugha moja, lakini mstari wa vita umepita katikati yao. Redio ya huku ilisema kwamba wa kule ni wasaliti. Redio ya kule ilisema kwamba wa huku ni wauaji. Mama yule aliyetaka kujua tu kama mwanawe yu hai, angemwuliza nani?

Tena wote walikumbuka yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, redio RTLM ilipochochea watu kuwaua jirani zao. Baada ya msiba ule waandishi wa habari wa Uswisi walianzisha shirika lao mwaka 1995, nalo ni Fondation Hirondelle. Nia yao ilikuwa kujenga redio za kweli katika nchi za vita. Shirika hilo liliungana na jeshi la amani la Umoja wa Mataifa, lililoitwa MONUC, na tarehe 25 Februari 2002 ikazaliwa Radio Okapi. Siku hiyo hiyo Wakongomani wa pande zote walianza mazungumzo yao ya amani huko Sun City, Afrika ya Kusini.

Jina lake lilichaguliwa vema. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo, ndugu wa twiga, mwenye miguu yenye milia kama ya punda milia. Porini hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Si mnyama wa serikali, wala wa waasi. Ni wa Kongo nzima.

Kazi ilikwendaje? Vituo vya kwanza vilikuwa Kinshasa, Goma na Kisangani, yaani pande zote mbili za mstari wa vita; baadaye vikaongezwa vingine, na Lubumbashi ikapata chake. Waandishi wa kila mji walipeleka habari zao Kinshasa kwa njia ya setilaiti. Huko zilipangwa, zikarudishwa kwa setilaiti hata vituo vyote, na kila kituo kikazitangaza mjini mwake. Kisha kwa saa maalum kila kituo kilijitenga kidogo na kusema mambo ya mahali pake. Lugha zilikuwa tano: Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Katika kipindi cha mazungumzo kati ya Wakongomani, mtu wa serikali na mtu wa upande wa waasi walisikika mmoja baada ya mwingine, na msikilizaji akapima mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza tangu vita kuanza, mtu wa Kinshasa alisikia bei ya unga na hofu ya watu wa Goma kwa kinywa cha mtu aliyekuwa Goma kweli. Redio haikuimaliza vita. Lakini nchi iliyogawanywa na majeshi ilianza kujisikia kuwa nchi moja.

Gharama ya kusema kweli

Kazi hiyo haikuwa bure. Tarehe 13 Juni 2007 mwandishi Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi mjini Bukavu, akafa. Tarehe 21 Novemba 2008 mwenzake, Didace Namujimbo, aliuawa katika mji ule ule. Kesi ziliendeshwa, watu wakahukumiwa, lakini waandishi wengi waliona kwamba ukweli wote haukufunuliwa. Wawili hao hawakuwa na silaha ila daftari na kinasa sauti.

Liko na swali jingine. Redio hii ililelewa kwa fedha za Umoja wa Mataifa na za serikali za ng'ambo. Fondation Hirondelle iliondoka mwaka 2014. Jeshi la Umoja wa Mataifa nalo lilianza kupunguza kazi yake, na mwezi Juni 2024 liliondoka Kivu ya Kusini. Mgeni hata akikaa siku nyingi, ipo siku atafunga mizigo yake. Akiondoka, ni nani atakayeushika wavu huu? Tukiuacha kwa bwana mmoja, twajua tayari mwisho wake.

Nasi tulio nyumbani tunayo sehemu yetu. Siku hizi sauti ni nyingi, hata simu ya mkononi yasema. Wahenga walituonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mzazi anaposikiliza habari pamoja na watoto wake, na awafundishe kuuliza: Aliyesema haya ameyaona? Upande wa pili umesikilizwa? Nani atafaidika tukiamini? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatachochewa upesi kumchukia jirani yake.

Kusema kweli ni kazi ya mtangazaji. Kuipima, hiyo ni kazi yetu sote.