Bwawani hakuna sweta

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina sweta.

Hapa Matiri mtu akivaa sweta mwezi wa Juni hakuna anayemgeuzia shingo. Baridi ya milima hii ya Umatengo tunaijua. Lakini Kampala, jua limewaka, mtoto wa shule ya msingi anashinda na sweta la mikono mirefu? Huyo alikuwa Husnah Kukundakwe. Alizaliwa mwaka 2007 bila sehemu ya mkono wa kulia iliyo chini ya kiwiko, na mkono wa kushoto nao haukukamilika. Watu walimkodolea macho. Akaona heri jasho kuliko macho ya watu.

Msimulizi mvivu angeruka hapa hapa na kusema: basi, akajipa moyo, akashinda. Mimi siruki, kwa sababu utamu wote uko hapo katikati.

Husnah aliogelea, na bwawani hakuna sweta. Mwanzoni alishindana na watoto wasio na ulemavu. Mwaka 2019 akafika Singapore kwenye mashindano ya waogeleaji wenye ulemavu, akakuta wenzake chungu nzima waliopungukiwa viungo kama yeye, wamekuja kushindana. Mwaka 2021, akiwa na miaka 14, akaiwakilisha Uganda katika Michezo ya Paralimpiki kule Tokyo. Medali hakupata. Mwaka 2024, Paris, alikuwepo tena.

Nani alimvua lile sweta? Mwenyewe, ndiyo. Ila pia mama aliyesimama naye, walimu wa kuogelea waliokubali kumfundisha, na wale waogeleaji aliowakuta Singapore, ambao hata hawakujua kwamba wanamsaidia. Ndiyo maana neno "jikaze", tunalowaambia vijana wenye ulemavu, silipendi sana. Kijana mwenye magongo ameshajikaza tangu asubuhi, alipoanza kupanda mlima kuja shule.

Tazameni ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia mlimani. Mteremko ni mkali, mvua ya masika ingeweza kuubeba udongo wote hadi bondeni. Hakuna anayeuambia mlima ujikaze. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia, na maji yakija yanatulia shimoni. Mlima umebaki mkali vile vile, lakini mahindi na maharage yanaota. Moyo wa kijana nao hutengenezwa hivyo, na mikono mingi, tena msimu hadi msimu.

Msidhani nawapigia porojo za kijiweni. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu utotoni hadi utu uzima. Wapo waliokulia kwenye ufukara, ugomvi wa wazazi, na maradhi ya akili nyumbani. Kati ya hao waliolemewa, kama theluthi moja walikua watu wazima imara, wenye kujali wengine. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashikilia: bibi, mwalimu, hata jirani. Na jambo la pili, ambalo ndilo lililonifurahisha zaidi: wengi walikuwa na kazi ya kweli nyumbani, kazi ambayo wasipoifanya, mtu mwingine anaumia.

Hapo ndipo huruma yetu inapokosea. Tuseme yupo binti wa kidato cha pili hapa Matiri, mguu mmoja umepooza. Akiinuka kuosha vyombo anaambiwa, "Kaa, mama, pumzika." Shambani hapelekwi. Mpira unachezwa, yeye analinda viatu. Akifaulu hesabu, anaitwa shujaa, kana kwamba hesabu hufanywa kwa miguu! Akionewa huruma kama "maskini" au akiitwa "shujaa", bado hajaulizwa anataka nini. Siku nyingine anataka kulia tu, na alie. Hajashindwa maisha kwa kulia. Na kama choo cha shule kina ngazi tatu bila mahali pa kushika, tafadhali msimhubirie uvumilivu. Leteni mbao na misumari. Tanzania tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na inadai majengo ya umma yafikike. Binti huyo haombi fadhila.

Basi mpeni kazi. Kahawa ikianikwa, kuchambua kunafanyika mtu amekaa. Timu ya darasa inahitaji mtu wa kupanga wachezaji na kutunza fedha za jezi. Na akikosea hesabu ya fedha hizo, mgombezeni kama mnavyomgombeza mtunza fedha mwingine yeyote.