Unauza Bima, au Unauza Sura?

Hivi umeshawahi kutabasamu kutwa nzima mpaka mashavu yakauma, halafu ukifika nyumbani huna hata neno la kumwambia mwenzio? Kama kazi yako ni mauzo, najua unanielewa.

Mwaka 2014 nilikuwa wakala wa bima ya maisha jijini Dar es Salaam. Mshahara hakuna, kamisheni tu: usipouza, huli. Kwenye semina tuliambiwa tupendeze, tucheke na kila mtu, na shida zetu tuziache nyumbani. Basi nikapendeza, nikacheka. Kodi ya nyumba nadaiwa miezi miwili, lakini barabarani mimi ni dada mwenye maisha yake, bwana!

Siku moja pale Kariakoo nikampata mama mmoja muuza vitenge. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, “Na wewe mwanangu, bima hii unayo?”

“Ninayo mama, mwaka wa tatu sasa.” Uongo mtupu!

“Je, biashara ikiyumba nikashindwa kulipa?”

Hapo nikazuga, nikarukia kwenye faida. Mama akasaini.

Baada ya miezi minane biashara ikayumba kweli, akataka fedha zake. Tatizo ni kwamba bima nyingi za aina hii ukiacha kulipa miaka ya mwanzo, huambulii kitu, au unaambulia kiduchu. Mimi nilijua. Yeye hakujua, kwa sababu sikumwambia. Wala hakunitukana. Alisema tu, “Mwanangu, ungeniambia.”

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. “Wateja wanapata kicheko chako,” mume wangu aliniambia usiku mmoja, “mimi napata mabaki.”

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, watu ambao tabasamu ni sehemu ya kazi yao. Alionyesha kwamba anayeuza hisia zake kila siku anaweza kufika mahali asijue tena ipi ni yake na ipi ni ya mwajiri. Mimi nilishafika.

Nikaanza kusema kweli. Kijana mmoja fundi aliponiuliza swali lilelile, nilimjibu, “Kaka, mimi mwenyewe sina, kipato changu hakijatulia. Kama na chako hakijatulia, subiri kwanza.” Hakununua. Mwezi ule tulikula dagaa sana! Wateja wengine walirudi baadaye, wengine hawakurudi. Lakini usingizi ulirudi.

Ila tusidanganyane: kuwa mkweli si kuomba huruma. Ukimlilia mteja shida zako ili asaini, hiyo nayo ni fiksi. Kodi yako si mzigo wake. Mwambie kasoro ya bidhaa kabla hajaigundua. Swali usilolijua, sema hujui, kisha umpelekee jibu. Na ukirudi nyumbani, mwambie mwenzio siku ilivyokwenda hasa, hata kama hukuuza kitu.

Yule mama nilimrudia kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa na kiti. Vitenge nanunua kwake mpaka leo, ila neno bima hataki kulisikia.

Na wewe, mteja wako wa mwisho ulimwambia yote?