Muulize alichofanya, si atakachofanya

"Je, unaweza kushirikiana na wenzako?" Swali hili huulizwa karibu katika kila usaili, na halina faida yoyote. Hakuna msailiwa aliyekuja na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki akajibu hapana.

Kwenye ukanda wa dhahabu wa Tanzania, swali la hivyo lina gharama. Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi sasa una kazi chini ya ardhi pia. Bulyanhulu, wilayani Kahama, ulikuwa wa chini tangu ulipofunguliwa 2001. Mle ndani, fundi hodari anayeogopa kumwambia msimamizi kwamba mwamba umelegea ni hatari kuliko mwanagenzi asiyenyamaza. Cheti cha ufundi cha VETA hakiwezi kukuonyesha yupi ni yupi.

Mmarekani John Flanagan, aliyechunguza marubani wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1954 njia ya kukusanya matukio halisi yaliyofanya kazi ifaulu au iharibike. Miaka ya 1980 watafiti kama Tom Janz wakaipeleka fikra ya namna hiyo kwenye usaili: mtu aulizwe alifanya nini, asiulizwe angefanya nini. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipolinganisha njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wenye maswali na alama zilizopangwa ulishika nafasi ya kwanza kwa uwiano wa 0.42 na utendaji kazini. Mazungumzo holela yalipata 0.19. Ukamilifu ni 1, kwa hiyo hata huo wa kwanza si ramli.

Swali lenyewe liwe hivi: "Tusimulie siku ambayo mkubwa wako alikuagiza jambo uliloliona la hatari." Kisha fuatilia: hali ilikuwaje, wewe ulihusika na nini, ulifanya nini, mwisho ukawaje.

Hapo kwenye "wewe" ndipo panapokwamisha majopo mengi. Kijana aliyelelewa kijijini Shinyanga amefundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa. Atasema "tulikaa, tukakubaliana, tukatoka," na msaili mwenye haraka atamwandikia kwamba hana mchango wake binafsi. Hapo mwulize kwa upole: "Kabla hamjakubaliana, nani alisema kwanza? Wewe ulisema nini?" Mara nyingi ni yeye.

Tatizo jingine ni majopo yanayotaka tukio liwe la ofisini. Chukua mfano wa kubuni: kijana aliyefanya kazi na wachimbaji wadogo kule Mwakitolyo, akakataa kushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, mpaka matimba yaliyooza yabadilishwe, akabembeleza wenzake wawili wakatae naye, mwenye duara akalazimika kununua magogo. Jibu hilo lina ujasiri, ushawishi na uelewa wa usalama kwa mkupuo. Kadhalika mweka hazina wa kikoba aliyesuluhisha deni bila kundi kuvunjika. Isipowekwa wazi kwamba matukio ya karashani (penye mashine za kusaga mawe), shambani na sokoni yanakubalika, wasailiwa watayaficha kwa kuona aibu, nanyi mtabaki na wale waliowahi kupata ajira rasmi.

Na lugha je? Kama zamu itaongozwa kwa Kiswahili, sailini kwa Kiswahili. Kumpima mtu uvumilivu wake kwa Kiingereza ni kupima Kiingereza chake.

Kuna mipaka ya kisheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, ujauzito, hali ya ndoa na VVU, na kinawagusa hata waombaji kazi. "Tusimulie jinsi ulivyolea watoto ukiwa kazini" ni mtego uliovaa nguo ya usimulizi.

Alama zipangwe kabla mtu wa kwanza hajaingia: jibu la 1 linafananaje, la 3 je, la 5 je. Kila mjumbe aandike za kwake kimyakimya, na mwenyekiti ataje zake mwisho, maana akitangulia meneja, wengine watasogeza kalamu kumfuata. Jibu lilelile likipata 2 huku na 5 kule, rudini kwenye maneno ya msailiwa mliyoyaandika; kama hakuna aliyeandika kitu, alama zote mbili zifutwe, aitwe aulizwe tena.